Maji ya Matango ya Mama Yako

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafika mstari wa pili. Sisi hatujambo. Goti la kushoto linalia mvua ikinyesha, la kulia linalicheka. Masikio ndiyo hayo hayo. Usihangaike na simu, siku hizi naishika kama napima uzito wake tu. Andika. Dereva wa gari la mboga anapita hapa mara mbili kwa wiki akija huko kwenu, barua atachukua.

Binti yako, mke wangu mdogo, ni mzima, ila ameanza kiburi. Tangu tumzike bibi yake Januari, wali hauteremki kooni bila matango ya siki. Nami kwenye friji imebaki chupa moja tu ya mama yako, na ndani yake vipande vitatu. Sivili wala sivitupi. Nafungua friji, naviangalia, nafunga.

Wewe ulikuwa naye jikoni ulipokuja Desemba. Mimi kwa miaka thelathini na minane nimeona matango yakiingia mabichi na kutoka matamu, sikuwahi kuuliza hapo katikati kunatokea nini. Niambie. Fundi saa hawezi kushindwa na tango.

Baba yako

8 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama stoo ya kantini, nikacheka mpaka mpishi mkuu akachungulia. Mimi sijambo, isipokuwa mikono inanuka vitunguu hata siku ya mapumziko. Mbusu mwanangu, mwambie mama yake anahesabu siku.

Haya, shika kalamu. Chagua matango membamba, magumu, yasiyojaa mbegu. Yaoshe, usiyamenye. Kata vipande vyembamba vya mviringo, nyunyizia chumvi, yaache kwenye chujio saa nzima yatoe maji. Chemsha kikombe cha siki na kikombe cha maji, pamoja na vijiko viwili vya sukari na kimoja cha chumvi. Chupa nayo iwe imechemshwa. Panga matango, tia punje za kitunguu saumu na pilipili manga nzima, mwagia ile siki, acha ipoe, funika, weka kwenye friji. Subiri mpaka kesho yake. Najua wewe si wa kusubiri, lakini subiri.

Na sikia hili vizuri: hii si achari ya kukaa kabatini. Inaishi kwenye baridi, tena mwezi mmoja basi. Mkila mkamaliza, osha chupa, anza upya.

Na vile vipande vitatu vimeshapita mwezi, vitupe tu, baba. Mama hakupika chakula ili kitazamwe.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo, tena sana! Nimeweza! Mke wangu mdogo anamaliza sahani, kisha anahamia yangu.

Sasa sikia ujanja wa baba yako. Siki mpya ya nini, wakati maji ya mama yako yamo chupani? Nilikata matango, nikayatosa mle mle. Kesho yake, mwanangu, alikuwa ni yeye. Ladha yake kabisa. Nilikaa kwenye kiti chake nikalia, sioni haya kukuambia. Yakiisha naongeza mengine, na sasa ni mara ya tano. Hayo maji hayaishi!

Juzi umeme ulikatika siku mbili. Yamekuwa meupe kidogo, kama maji ya kuoshea mchele, ila ladha ipo. Mke wangu mdogo anayanywa hata kwa kijiko.

Baba yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine nitaleta baadaye. Mwaga hiyo chupa. Leo. Weka barua hii mezani, nenda ukaimwage, ndipo urudi umalizie kusoma.

Kila tango unalotosa mle linatoa maji yake. Siki ya mama imeshazimuliwa mara tano, imebaki harufu. Tena umeme ulikatika, tena yamekuwa meupe! Hiyo ni sumu inajipika, baba. Mwaka juzi ndoo moja ya matango hapa kantini ililaza watu kumi na mmoja, na mmoja wao hakurudi kazini. Nilimjua. Alikuwa anapenda kuongezewa.

Na unampa mwanangu. Kwa kijiko! Ana miaka sita!

Mama hayumo kwenye chupa. Mama amekufa. Usiponiandikia kwamba umemwaga, nakuja kumchukua mtoto.

Mwanao

17 Aprili

Barua imefika. Marahaba.

Wewe ndiye wa kunifundisha kwamba mama yako amekufa? Mimi ndiye niliyemfumba macho. Wewe ulifika kaburi limeshafunikwa, ukakaa siku mbili, ukarudi kwenye sufuria zako. Siku ile sikukulaumu. Leo nakulaumu.

Nguo zake wamegawana dada zake. Kwenye picha zote amekunja uso, alikuwa hapendi kupigwa. Kitu kilichobaki chenye mkono wake ni yale maji, nawe unataka niyamwage kama maji ya kudekia. Simwagi ng'o.

Mtoto sitampa tena, hilo nimekusikia. Nitakula mimi. Tumbo ni langu.

Usiandike mpaka hasira ziishe, zako au zangu.

Baba yako

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Shikamoo tena, na uniitikie hata kwa hasira.

Ni wiki tatu karibu. Hasira zangu ziliisha siku ya pili. Dereva wa mboga anasema kila akipita anakuta duka limefungwa, na pazia la chumbani halijaguswa. Nimempigia jirani yako fundi cherehani, simu inaita mpaka inakata. Usiku silali, na jana nimeunguza sufuria nzima ya maharage mbele ya msimamizi. Tumbo ni lako, sawa, lakini baba ni wangu.

Ulichosema kuhusu kaburi ni kweli. Msimamizi alininyima ruhusa mpaka zamu iishe, nami nikakubali kwa kuogopa kufukuzwa. Zamu yenyewe ilikuwa ya kumenya viazi. Sitajisamehe kwa hilo, wala sikuombi unisamehe.

Ila kuna jambo mama aliniomba nisikuambie, na sasa nalisema. Chupa ile hakuitengeneza yeye. Mikono ilikuwa inatetemeka, kisu hakishikiki. Alikaa kitini, nikatengeneza mimi, siku moja kabla sijaondoka, tarehe tatu Desemba. Hakutaka ujue amefikia hapo. Haki ya Mungu, baba, hiyo siki unayoilinda ni yangu mimi unayenilaumu. Haina mkono wa mama hata kidogo. Imwage.

Jumamosi nakuja, kazi ibaki isibaki.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tuko hai wote wawili. Pumua kwanza, ndipo uendelee.

Karibu wiki mbili za kwanza nilinuna tu, nikafunga duka. Halafu nikalazwa siku tisa. Tumbo na homa, na usiniulize zaidi ya hapo. Aliyenibeba ni fundi cherehani, na akawa anashinda nami hospitali, simu yake ameiacha dukani kwake juu ya cherehani. Mke wangu mdogo alilala nyumbani kwa fundi. Hakuyaonja tena tangu uliposema, na hana hata kikohozi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii mkuu ulikuwa wewe.

Nimerudi jana, nikakuta barua yako. Iliniuma, nisikufiche. Nikaitoa ile chupa kwenye friji, maana nilimkataza fundi asiiguse, mjinga mimi. Nikainyanyua kwenye mwanga nione hiyo siki yako ina nini cha ajabu. Ndipo nikaona kitakoni kuna kipande cha plasta, kimeandikwa. Miezi yote hii sikuwahi kuigeuza. Wino umefifia, ikabidi nivae kile kioo changu cha kutazamia saa.

Ni mwandiko wa mama yako. Ameandika hivi: "Nimeweka 9 Januari. Mwisho 9 Februari. Mzee asibishe."

Tarehe tatu Desemba, eti! Tarehe tisa Januari wewe ulikuwa huko kwenye sufuria zako. Mama yako alishika kisu mwenyewe, akakata mwenyewe, akaandika mwenyewe. Umenidanganya mchana kweupe, tena umemtaja Mungu. Nilicheka, tumbo likaniuma, nikacheka tena.

Halafu nikaacha kucheka. Ulikuwa radhi uninyang'anye mama yako na nikuchukie, mradi nisiyale. Hivyo ndivyo alivyokuwa yeye. Yale niliyokuandikia kuhusu kaburi nayafuta. Nilikuwa natafuta mtu wa kumpiga, nikakupiga wewe. Nisamehe, mama.

Plasta nimeibandua taratibu kwa kibano, nimeibandika ndani ya mfuniko wa sanduku langu la vifaa. Nikifungua kazi asubuhi nakutana nayo. Kama usingenidanganya, nisingeigeuza ile chupa, na plasta ingeishia jalalani.

Mke wangu mdogo amekaa hapa mezani na matango mapya, anauliza kikombe cha siki ni kikombe kipi, cha chai au kile kikubwa. Sijui. Utakuja Jumamosi utuonyeshe. Siki tumenunua.

Ile ya zamani niliipeleka kwenye sinki asubuhi hii. Nilisimama nayo pale kidogo, nikanusa mara ya mwisho. Nikarudi sandukuni, nikaisoma tena plasta. Halafu nikamwaga yote, nikaosha chupa. Sikubisha.

Baba yako