Bwawa Lisilo na Ubao

Mwaka umetimia, Winifred Tolman, tangu ututoke. Ulifia nyumbani, kitandani mwako, theluji ikianza kuyeyuka, na hilo lilitushangaza kidogo. Maisha yako yote wewe ndiye uliyekuwa ukiaga na kuondoka. Hatukutarajia kwamba safari ya mwisho ungeianzia hapahapa Vermont, mumeo Harlan akikuletea chai.

Uliandika kuhusu mito ya barafu ya Patagonia, kuhusu wachunga kondoo wa Aislandi, na kuhusu vyura wa nyuma ya ghala letu. Vyura ndio uliowapa kurasa nyingi zaidi. Wasomaji wako walidhani unaishi kwa umande na maua. Sisi tuliokula nawe tunajua ulivyomimina shira tamu ya utomvu wa mti wa mepo juu ya kila kitu, hata mayai.

Viatu vyako vilivyolowa vilikaukia kando ya jiko la kuni, na kwa harufu yake dada yako Edith aliahirisha kuja kututembelea mara nyingi. Harlan hakuwahi kufuatana nawe mbali zaidi ya Boston. Alisema lazima mtu abaki kulisha kuku, nawe ukamkumbusha kwamba kuku walikufa zamani. Wageni waliobisha hodi wakimtafuta mwandishi walipewa supu kwanza, maswali baadaye.

Hatuwezi kukukumbuka bila kulitaja lile bwawa. Katika kitabu chako cha kwanza hukusema jina lake, kwa kuwa halina, lakini ulitaja kanisa la paa la kijani na njia ya kushoto baada yake. Kiangazi kile magari ya wasomaji waliokuja kulitafuta yaliegeshwa mpaka ndani ya shamba la majani la Roscoe Dunham, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Uzio wake ukaangushwa. Ndege wale weusi wenye madoa meupe mgongoni, ambao kilio chao ulikipenda kuliko muziki, waliyaacha mayai kiotani wasirudi.

Ulikwenda kumwomba Roscoe radhi. Alikuwa akikamua ng'ombe, na hakugeuka.

"Umeandika vizuri mno, Winnie," alisema. "Ungeandika vibaya kidogo, uzio wangu ungekuwepo."

Tangu siku hiyo hakuliinulia tena gari lako kidole kutoka kwenye usukani mlipopishana, na huku kwetu kidole hicho ndicho salamu yote tuliyo nayo. Harlan alisalimiwa kama kawaida akiwa kwenye pikapu yake. Gari lako lilipita kama upepo usioonekana. Iliendelea hivyo miaka na miaka, na ilikuuma, ingawa ulijifanya hujali.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini baada ya hapo uliushika mtungi kwa mikono miwili. Hukutaja tena mahali popote. Vitabu vyako vikawa vya kilima fulani, mto fulani, kijiji fulani cha wavuvi. Mhariri wako alilalamika kwamba vinasomeka kama vya mtu aliyepotea. Ulimjibu kwamba ndivyo unavyotaka.

Siku zako za mwisho ulimwomba Harlan jambo moja tu. Ulisema, "Wakitaka kunitundika kwenye ubao, uwakatalie." Akaahidi, yeye ambaye hajawahi kusema neno mbele ya watu tangu harusi yenu.

Nao walitaka. Mwezi uliopita, katika mkutano mkuu wa mji, watu wema wanaokupenda walileta pendekezo kwamba bwawa lipewe jina lako na barabarani uwekwe ubao wenye mshale. Lilisomwa karibu na chakula cha mchana, harufu ya maharage ya kuoka imeshajaa ukumbini. Abigail, binti yako, alitaka kusimama. Baba yake akamshika mkono wa koti.

"Kaa, mwanangu. Niliyeahidi ni mimi."

Harlan alisimama na kofia mikononi. Maneno aliyoyafanyia mazoezi ghalani yalimtoroka yote. "Naomba pendekezo hili tuliache," alisema. "Winnie hakutaka." Akaketi.

Kwa desturi yetu, hoja isiyoungwa mkono na mtu wa pili hufa palepale. Mwenyekiti aliuliza nani anaiunga mkono hoja ya Harlan. Watu walitazamana. Hakuna aliyetaka kuonekana anakupinga na kaburi lako halijatimiza mwaka. Harlan aliinamisha kichwa, na sisi tuliokaa naye tuliona kwamba ahadi aliyokupa inamponyoka.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, penye makoti. "Naunga mkono." Alikuwa Roscoe.

Watu waliguna. Mwanamke mmoja aligeuka akamwambia, "Roscoe, marehemu huyo. Si umsamehe tu?"

"Nilishamsamehe zamani, sema sikujua pa kuanzia," alijibu Roscoe. "Huyu mama aliwaelekeza watu bwawani mara moja, akajuta mpaka anakufa. Nyie mnataka kuwaelekeza kila siku, na mshale juu."

Tulipiga kura kwa sauti, na sauti ya kuliacha pendekezo ilikuwa kubwa zaidi. Kisha tukala maharage. Harlan alilia juu ya sahani yake, wala hakujificha.

Barafu imetoka bwawani wiki hii, Winnie. Ndege wamerudi, jozi moja. Harlan alikwenda kuwatazama kwa gari lako, maana pikapu yake iligoma kuwaka, na njiani akapishana na Roscoe. Roscoe aliinua kidole. Harlan anasema salamu ile haikuwa yake. Ilikuwa yako, imechelewa tu.

Unakumbukwa na mumeo Harlan, binti yako Abigail, dada yako Edith ambaye sasa anasema anaikosa ile harufu ya viatu, na Roscoe Dunham wa ng'ambo ya barabara, ambaye si ndugu yetu, lakini alikuja mwenyewe kuomba aandikwe.

Hatutakusahau kamwe, wala hatutasema bwawa liko wapi.