Dumuzi wa Ghala la Mama

Jumatatu, 6 Machi 2006. Kitale.
Kuchekecha tena maabara. Vumbi la mahindi puani, dumuzi kwenye spiriti. Wadudu wageni hawa watoboao mahindi, hawakuwako kwetu zamani. Tunasoma alama za DNA yao tujue kila kundi limetoka wapi. Leo zamu ya mahindi ya Mama, kutoka Kamukuywa. Nusu ya ghala lake imekuwa unga. Nimekasirika hata chai haikushuka.

Mama ana hakika: ni mahindi aliyonunua Chwele kwa Mama Nafula, rafiki yake tangu waolewe. Ametangaza soko zima. Wateja wamemkimbia mwenzake.

Jumamosi, 11 Machi. Chwele.
Nimechukua dumuzi kwenye magunia ya Mama Nafula. Yuko peke yake kibandani, majirani wanauza. Angenitukana ningepata nafuu. Alisema tu, "Chukua yote, mtoto wangu. Hiyo mashine yenu ikisema ni mimi, nitafunga."

Naomba Mama awe amekosea. Naomba pia asiwe amekosea. Upuuzi.

Alhamisi, 6 Aprili.
Majibu yamefika kutoka Nairobi. Nimesoma mara tatu, nimesimama.

Dumuzi wa Mama si wa Chwele. Hata kidogo. Ni wetu! Wale tunaowafuga kwa chupa hapa maabara, walioletwa zamani kutoka Taveta. Wamezaana ndugu kwa ndugu mpaka alama zao ni zile zile kwa wote.

Wametokaje? Mabaki ya mahindi tunayowalisha tunayachoma shimoni kila Ijumaa. Nimekung'uta mkoba, viatu, mifuko ya koti. Naogopa ni mimi niliyewabeba.

Jumamosi, 8 Aprili. Kamukuywa.
Si mimi.

Nilimweleza Mama. Kisha akauliza kama hao wadudu wanaweza kukaa kwa mahindi ya kuku. Kuku gani? Kumbe Desemba, aliponitembelea kazini, aliona mahindi kando ya shimo. "Ati mnachoma chakula na watu wanalala njaa! Nikabeba kidogo tu, ya kuku. Si ilikuwa inachomwa?" Akayaweka ghalani, juu ya mavuno yake.

Nimeduwaa. Mama yangu mzazi! Nilitaka kumfokea. Akaniuliza kama Mama Nafula ameshajua, nikaacha. Kazini nitasema Jumanne.

Jumatatu, 10 Aprili. Chwele.
Siku ya soko. Mama alibeba jogoo wake mkubwa, aliyenenepeshwa kwa mahindi yale yale. Akasimama mbele ya kibanda cha Mama Nafula, akasema kwa sauti ile ile aliyomchafulia mwenzake jina, "Dumuzi ilitoka kwangu. Si kwa huyu." Watu waligeuka. Hakuna aliyecheka.

Mama Nafula alimpokea jogoo, akampima uzito kwa mkono. "Amekula vizuri," alisema.

Jioni tulimla jogoo huyo kwake. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mgeni wa heshima, Mama Nafula alimwekea Mama. Mama aliila polepole, macho kwenye sahani.