Shemeji Akafumba Macho

Jumatatu, 3 Machi

Prufu za kitabu cha pili cha mdogo wangu wa kike, nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapwa, zimetua mezani kwangu saa nne asubuhi. Kurasa 212. Bosi kazileta mwenyewe, anacheka: nani atamsahihisha vizuri kuliko dada yake? Nikasema sawa. Mdomo huu!

Cha kwanza kilikuwa hadithi safi. Msichana anaitwa Kipepeo, anampenda mvulana anayeitwa Rula kwa sababu amenyooka. Wanapatana, mwisho. Wasichana wa shule walilia, wakaazimana mpaka majalada yakabanduka. Basi lazima kije cha pili. Na cha pili kikija, lazima aje mvulana wa pili. Anaitwa Gitaa, na gitaa analo, ingekuwaje asiwe nalo! Kipepeo aliyekuwa na akili zake timamu ghafla hajui anataka nini. Kurasa arobaini za leo, kabadili mawazo mara sita.

Miaka kumi na moja nasahihisha mapenzi ya vijana. Wasichana wa vitabu vya pili nawajua. Wanalia dirishani. Wanasema moyo wangu umegawanyika. Moyo ni mkate? Wawili wanapigwa danadana mpaka ukurasa wa mwisho, na sisi tuambiwe tumwonee huruma yeye!

Nimemsimulia mchumba wangu kwenye simu. Akacheka kidogo, akasema labda msichana anaogopa. Huyu fundi miwani wangu kwa kumtetea mtu asiyekuwepo hajambo. Ndiyo maana namwoa — eti namwoa! Ananioa. Msahihishaji mzima. Tarehe 29, siku ishirini na sita.

Jumanne, 4 Machi

Huyu Rula anachosha. Kitabu cha kwanza alikuwa mtu, humu kawa mwalimu wa zamu. Anasahihisha watu wakiongea. Anaosha kikombe mwenzake hajamaliza chai. Anapanga viatu mlangoni kwa ukubwa. Nimeandika pembeni: *Apunguzwe. Msomaji atamkimbia.*

Ukurasa wa 88 Kipepeo anamwambia Rula: "Nipe muda kidogo. Sitaki kumuumiza mtu." Mstari mwekundu. Pembeni: *Hakuna mtu anayeongea hivi.*

Mama kapiga simu. Vitambaa vya viti ukumbini, vyeupe au krimu? Krimu. Sekunde mbili. Hivyo ndivyo watu wanavyoamua!

Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu kapiga. Dada, umefika sura ya kumi na moja? Bado.  Kisha akauliza kama nalala vizuri. Waandishi ndivyo walivyo, kitabu kikiwa kwa msahihishaji roho inakuwa juu.

Nilimwambia Bosi kwamba angalau mwishoni Kipepeo achague. Bosi kashtuka kweli. Asichague! Akishachagua, cha tatu watakisomea nini? Akaenda zake na kahawa yake. Bosi huyu huyu ameachika mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Sura ya kumi na moja. Ukurasa wa 143. Kipepeo na Gitaa wako kwenye ngazi za maktaba, mvua, wamejikinga. Nanakili kama ilivyo:

"Gitaa akamsogelea. Shemeji akafumba macho."

Nilicheka peke yangu ofisini. Shemeji! Nikachukua kalamu nifute, niandike Kipepeo. Kalamu ikagoma.

Mdogo wangu hana dada mwingine. Duniani kuna mtu mmoja tu anayemwita shemeji.

Kwanza nikajipa moyo. Alikuwa anachati naye huku anaandika, vidole vikateleza. Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza, na kila penye Kipepeo nikamweka mchumba wangu. Sikuhitaji kubadili neno hata moja. *Alisema* ni *alisema*, *yeye* ni *yeye*, lugha yetu haiulizi mwanamke au mwanamume. Kitabu kizima kikamkaa kama shati lake. Kipepeo asiyejibu swali mpaka aulizwe mara ya pili. Kipepeo anayesugua kucha ya kidole gumba akidanganya. Nilipozisoma mara ya kwanza nilidhani mdogo wangu kaazima tu tabia ya shemeji yake, waandishi huazima.

Gitaa ni yeye mwenyewe mwandishi. Anachelewa kila mahali, anacheka mpaka majirani wanachungulia.

Na Rula, jamani. Rula anayesahihisha watu wakiongea.

Nilipofika nyumbani nikaangalia viatu mlangoni. Kwa ukubwa.

Nimejiandikia mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, nipunguzwe.

Ijumaa, 7 Machi

Saa saba mchana nikaenda dukani kwa mchumba wangu. Alikuwa anakaza skrubu ya fremu ya mzee mmoja. Nikangoja kwenye kiti cha wateja, mbele ya lile bango la herufi kubwa mpaka ndogo. Nilizisoma zote. Macho yangu hayana tatizo, ndiyo kejeli yake.

Mzee akatoka. Nikauliza: wewe na mdogo wangu mna nini?

Akarudisha bisibisi kwenye droo. Nikauliza mara ya pili.

Akasema si kama ninavyofikiri. Akasema hajui ilianzaje. Akasugua kucha. Na halafu, mbele ya miwani mia inayotutazama ukutani, akasema:

"Nipe muda kidogo. Sitaki kumuumiza mtu."

Neno kwa neno! Ukurasa wa 88! Nami nimeandika hakuna mtu anayeongea hivi. Nimekosea kazini, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Nilimuuliza muda gani, harusi ni wiki tatu. Akasema ndiyo, anajua, ndiyo inayomchanganya. Ikamchanganye! Kama vile tarehe ilitoka mbinguni ikamwangukia. Nilitaka kumtukana. Nimetoka nimesema "haya, kazi njema". Kazi njema, mimi!

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu kaja bila kuitwa. Kwa mara ya kwanza maishani hakuchelewa. Kasimama mlangoni, kavua viatu, kaviweka kwenye mstari. Ningempiga nacho kimoja.

Nilimwonyesha 143. Akakaa chini sakafuni. Akaapa hakukusudia neno lile, aliandika kwa haraka, lilitoka lenyewe. Hayo mengine alikusudia. Miezi minane. Alimpa mchumba wangu asome kwanza, ili ajione, aone aibu, aamue. Unajua alisema nini, dada? Alisema Kipepeo anamsikitisha, mwandishi asimbane sana.

Nilicheka. Mungu anisamehe, tulicheka wote, mpaka nikakumbuka nimemkasirikia.

Nikamuuliza kama anampenda. Akasema ndiyo. Nikamuuliza naye je, amemwambia nini? Akaangalia zulia. Kaambiwa asubiri. Miezi minane anaambiwa asubiri! Kumbe mwizi wangu hajaiba kitu, naye yuko kwenye foleni, nyuma yangu au mbele, hatujui. Nilimchukia zaidi kwa hilo. Angekuwa ameshinda ningejua pa kupeleka hasira.

Akauliza, kwa ile sauti yake ya utotoni: dada, unafikiri atamchagua nani?

Nikamwambia asahihishe swali lake. Sikumwambia lina kosa gani.

Prufu zinatakiwa keshokutwa. *Shemeji* bado lipo, sijalifuta.

Jumapili, 9 Machi

Kwa mama. Fundi cherehani kaleta gauni langu na la msimamizi wangu, ambaye ni nani tena kama si mdogo wangu. Mama anataka atuone leo leo. Hajui lolote. Kila nikifungua mdomo nimwambie, anasema kitu kuhusu keki.

Asubuhi nilikuwa nimekata shauri. Naapa. Nilikuwa na sentensi yangu, fupi, haina hata koma: siolewi tena. Namwambia mama, kisha namwambia mchumba, kisha narudi kazini Jumatatu.

Sasa tuko chumbani kwa zamani, sisi wawili, magauni kitandani. Dakika tano zilizopita kengele ikalia. Mama akaita kutoka sebuleni, kwa furaha yake yote:

"Wanangu, mgeni wenu huyo!"

Tukainuka wote wawili.

Tulisimama hivyo, tukatazamana. Hakuna aliyekaa. Nilingoja yeye akae, naye nadhani alinigoja mimi. Huko nje fundi miwani anamwambia mama nyumba inanukia vizuri. Mama anacheka.

Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Ile sentensi bado ninayo. Mdogo wangu kaniomba nimfunge zipu ya mgongoni. Nimemfunga. Kajitazama kiooni, kapaka mdomo rangi, kanipa na mimi, nimepaka. Sasa anafunga yangu. Imekwama katikati. Anasema niache kuandika, nivute tumbo, nisipumue —