Kitanda Chetu Kimepata Kichwa

Mume wangu,

Weee, ungeniona leo! Nimekitengenezea kitanda chetu kichwa, tena kwa mikono yangu! Ubao ni mlango wa lile kabati bovu, sponji nimeikata kwenye godoro kuukuu, kitambaa ni pazia la sebuleni. Nimebana kwa stepla mpaka vidole vikafa ganzi. Kichwa laini hicho!

Jirani yetu seremala alitaka kukipigilia misumari ukutani, nikamkatalia katakata. Nimekitundika kwa kulabu mbili tu, kinatoka nikitaka.

Usinicheke. Nyuma yake, ukutani, kuna lile doa la mafuta ya nywele zako, pale ulipozoea kuegemea. Barua zangu tatu hujazijibu. Nikizidiwa na upweke, nakishusha, naegemea palepale.

Mkeo,
bado nalala upande wangu uleule.