Mipingo Iliyokufa Yenyewe

Chiungutwa, Masasi
9 Juni 1997

Ndugu yangu Hamidu,

Salamu zikufikie huko Tunduru, wewe, Mama Shamte na watoto wote. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, na wakwe zako wawe hawajakuchoka bado, maana nakujua kwa kula. Sisi huku miili ni mizima. Mama yako nilikwenda kumwamkia Ijumaa, nikamkuta anapepeta mtama. Aliitikia marahaba, akaniuliza kama kuna neno lolote kutoka kwako. Nikamwambia kazi zimekubana. Wakati wa kuondoka alinifungia mihogo nikawapelekee watoto, na njiani nilitaka kuitupa kwa aibu.

Shamba lako nilipita kuliona. Majani yamefika kiunoni. Mikorosho imeanza kuchipua, lakini ukungu mweupe wa ubwiriunga umeshaingia kwenye machipukizi, na hakuna wa kupuliza salfa, kwa vile katazo la kijiji bado lipo. Huu utakuwa msimu wa pili hupati kitu, na mikorosho ile aliipanda marehemu baba yako kwa mikono yake.

Kuna habari mbaya zaidi. Tarehe ishirini na nane mwezi huu, Jumamosi, kuna mkutano wa kijiji. Mwenyekiti anasema shamba lililoachwa na mwenyewe ni mali ya kijiji, na kwamba Sista Veridiana wa Nyumba ya Mafungo ameliomba ili apande miti ya asili, liwe kinga ya msitu wake. Wengi wamekubali. Mzee Alfredi peke yake aliuliza kama mwenye shamba amepelekewa taarifa, wakamwambia aliyehama amehama.

Usimchukie Sista, Hamidu. Hana tamaa ya ardhi. Wewe mwenyewe uliwahi kukaa pale ukutani ukawasikiliza wale wageni wa mafungo, wanaokaa siku tatu kimya wakitembea mitini, na yeye akiwafundisha kwamba mti nao ni kiumbe, unamsifu Muumba kwa kusimama tu. Ulicheka ukasema hilo babu zetu walilijua bila kulipiwa nauli. Mimi nililia siku niliyomsikia mara ya kwanza. Ndiyo maana aliweka sheria kwamba katika msitu ule hakuna mti mbichi utakaoguswa na chuma. Unachukuliwa ule tu uliokufa wenyewe.

Sasa mipingo minne imekufa. Wa mwisho ulipukutisha majani Kwaresima hii. Sista aliupapasa kama mtu anayepapasa mgonjwa, akafunga siku tisa kwa ajili yake. Ulipokufa wa pili ndipo aliposema ni salfa yako inayopeperushwa na upepo, na kweli vumbi la njano lilionekana kwenye majani, kila mtu aliliona. Ulisimama mkutanoni ukaapa kwamba salfa haijawahi kuua hata mchicha. Wakakuzomea. Vijana wa parokia wakasema Waislamu hawautaki msitu wa kanisa. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, na wewe ulinitazama mimi. Uliona nimeinama, ukadhani nakuonea huruma.

Hamidu, mipingo ile niliiua mimi.

Nimeandika, na sitafuta. Unajua Sista alinipa kazi ya kuchonga Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne, kwa mpingo wa msitu ule ule. Nilianza na gogo moja kavu, likanipa vituo vitano. Baada ya hapo sikuwa na mti. Tangu biashara iachiwe huru, malori yamesomba mipingo yote kutoka huku mpaka bonde la Ruvuma, na uliobaki ni ule wa Sista, mbichi, unaokatazwa. Ningeweza kumwambia nimeshindwa. Lakini wageni walikuwa wameanza kupiga magoti mbele ya kazi yangu, na hakuna aliyewahi kukipigia magoti kinyago changu. Kiburi kikanipanda. Nikaona kwamba sheria inataka mti ufe wenyewe, basi ufe. Nilifukua udongo shinani, nikamenya gome pande zote kwa tezo, nikafukia tena, nikatandaza majani juu. Miezi kadhaa baadaye nikaenda kwa Sista kumpa pole ya msiba wa mti, na yeye akaniruhusu kuukata. Nilifanya hivyo mara nne, ila ule wa nne sijaukata bado. Mara mbili za mwisho wewe ulikuwa umeshakatazwa salfa, na hakuna aliyejiuliza mbona miti inaendelea kufa. Hata mimi niliomba wasijiulize.

Niliungama kwa Padre Anselmo. Alinipa maondoleo, na malipizi yake ni kumwambia mwenye haki, yaani wewe. Yeye amefungwa na siri ya kitubio. Hata akiona shamba lako linapimwa kwa kamba, hawezi kufungua mdomo. Mara tatu nimeondoka nyumbani kwenda kwa mwenyekiti, na mara tatu nimegeuzia njiani. Nikisema, kazi imekwisha, vituo vitang'olewa, na watoto wangu watazomewa kama ulivyozomewa. Nisiposema, baba yako atakuwa amepanda mikorosho bure. Usiku silali, Hamidu, na mchana siwezi kushika tezo.

Njoo mkutanoni, nakusihi, hata kwa kupanda lori la mahindi. Nimekusudia kusema mbele yako. Lakini najijua. Nikikaa kimya siku ile, usinisubiri na usinionee haya: simama, uisome barua hii kwa sauti, yote, mbele ya Sista na mbele ya mke wangu. Waambie wafukue visiki vitatu na mti mmoja uliosimama bado. Makovu ya tezo wataona. Msamaha sikuombi leo, kwa sababu bado sijakurudishia kitu.

Nisalimie Mama Shamte na wazee wote wa huko. Agnes wangu anakusalimu, naye hajui lolote. Hapa chini nimeweka sahihi yangu na dole gumba, mtu asije akasema umeighushi.

Ni mimi,
Barnaba Cyril, mchongaji
(dole gumba la kulia)