Nafasi Niliyomwachia Mbuyi

Rabat, Jumapili baada ya misa

Moyo, Mama Mwambuyi, salamu ya kwetu kutoka mbali. Moyo pia kwa Baba Shambuyi hapo alipo, nadhani kwenye kiti chake cha kamba na redio sikioni. Goti lako la kushoto linaendeleaje tangu upunguze kwenda sokoni kwa miguu? Na vumbi je? Pacha wangu Mbuyi aliniambia malori ya mgodi wa Mashamba yameongezeka kwenye njia ya nyuma ya nyumba, na kwamba sasa unamwagia ua maji mara mbili kwa siku. Jifunike pua unapofagia, Mama. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na nimenenepa kidogo. Najua hilo la kunenepa ndilo utakalowasomea majirani kwanza.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu umeigeuza silaha. Kila nikipiga unasingizia mtandao, "Reseau haiko muzuri," halafu namsikia Baba nyuma yako anacheka. Barua huwezi kuikata. Anayekuletea ni Thérèse, yule dada wa Likasi aliyemaliza masomo ya uuguzi hapa. Mpe chai kwanza. Mwache avue viatu kabla hujamuuliza kama nina mchumba.

Nianze na kazi, maana hujawahi kuielewa na kosa ni langu. Siku ile ya kwanza nilipokuambia napiga picha za vituo vya treni, uliniuliza, "Gare haikimbiake. Juu ya nini banakulipa kwa kuifotowa?" Nilicheka badala ya kukujibu. Jibu ni hili. Hapa kuna tramu, treni ndogo inayopita katikati ya barabara, inavuka daraja na kuunganisha Rabat na Salé ng'ambo ya mto. Vituo vyake ni vingi. Ofisi yetu ndogo inatengeneza ramani ya picha kwa ajili ya watu wanaoogopa kutoka nyumbani: mzee anayetembea kwa fimbo, mtu wa kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni. Kabla hajatoka, anafungua simu na kukitazama kituo pande zote kana kwamba amesimama pale. Anaona ngazi ziko wapi, mahali pa kupandia bila ngazi, benchi lenye kivuli. Akifika, hapotei.

Picha ya namna hiyo haitoki kwa mara moja. Naweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, napiga, naizungusha kidogo, napiga tena, hadi nirudi pale nilipoanzia. Kila picha lazima ibebe kipande cha picha iliyoitangulia. Jioni, ofisini, nazishona pamoja kwenye mashine, ukingo kwa ukingo, mpaka mshono usionekane. Ndiyo, Mama, wewe ulinikatalia ushonaji ukasema macho yataharibika, na leo nashona kuliko fundi yeyote wa mtaa wetu wa Manika.

Shida ni watu. Jengo linatulia, mnara wa Hassan unatulia, hata malango makubwa ya kale ya Salé yanatulia. Mtu hatulii. Akipita wakati kamera inazunguka, anatoka nusu. Nina baba mmoja aliyebeba mikate ambaye amebaki na mguu mmoja. Nina paka mwenye mikia miwili. Samira, mwenzangu wa kazi, msichana wa hapa mwenye kicheko cha kuku anayetaga, amevibandika vituko hivyo vyote ukutani na kila asubuhi tunavisalimia kwa heshima.

Basi wiki iliyopita tulikuwa Salé. Samira ndiye aliyekuwa anaizungusha kamera, na mimi nilitakiwa nipite nyuma yake ili nisitokee. Nikazubaa karibu na mashine ya tiketi, kamera ikaninasa. Nilipita nyuma yake nikatokea upande wa pili mapema mno, kabla kamera haijafika huko, nikaketi kwenye benchi na kuanza kufunga kamba ya kiatu. Jioni tukashona. Kwenye picha nipo mara mbili. Upande mmoja nimesimama karibu na mashine ya tiketi, uso umekunjamana kama ninavyokuwa nikifikiri. Upande mwingine nimeketi, nimeinama, natabasamu sijui kwa nini.

Samira akacheka hadi akashika tumbo. Mimi sikucheka, Mama. Nilimwona Mbuyi. Aliyekuwa ameketi pale hakuwa mimi kabisa, alikuwa Mbuyi anafunga kiatu cha shule kwenye kizingiti chetu, akinichelewesha. Nikatoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi nikakunywa chai yao ya nanaa yenye sukari ya kutosha watu wanne.

Sasa nimefika pale ambapo ungependa reseau iwe mbaya. Mbuyi alinitumia sauti yake siku ya Jumanne. Amesema mchumba wake Ilunga na watu wake wamekwisha kukamilisha kila kitu, padri amekubali, kwaya imejiandaa, na wewe umesema harusi haitafanyika Jumamosi waliyopanga kama mimi sijarudi. Alikunukuu vizuri, hata pumzi zako: "Mapasa habafotowake mumoja-mumoja. Kama Kabanga haiko, foto haiko. Na kama foto haiko, mariage ni ya nini?" Halafu akaongeza ya kwake, kwa hasira: "Weye uko nafotowa bagare ya bantu, na mi hapa niko nakungoya sawa treni ya Kasaji."

Mama, hofu yako naijua na siichezei. Nilikuwa mdogo lakini umenisimulia mara nyingi mpaka nimekuwa kama naikumbuka. Baba alikuwa anafanya kazi gare ya Kasaji, kule treni ilikokuwa ikingojwa siku nzima. Mpiga picha alikuja na baiskeli yake, mimi nimelazwa na surua, ukamruhusu ampige Mbuyi peke yake kwa sababu gauni lilikuwa jipya. Usiku ule homa yangu ikapanda hadi ukaanza kuwaita watu. Picha ilipoletwa uliichana mbele ya yule mtu, ukamlipa, ukamwambia asirudi. Tangu siku hiyo hakuna picha ya mmoja wetu bila mwingine. Hata picha za kadi ya shule tulikwenda pamoja, mmoja anapigwa, mwingine amesimama ameshikilia sketi yake.

Lakini nakuomba tusemezane kama watu wazima. Hofu hiyo ni nusu tu ya sababu yako. Nusu ya pili ni kwamba umeona ukiizuia harusi, mimi nitarudi, na nikirudi utanificha pasipoti. Usikasirike, nimekulia tumboni mwako, nakujua.

Na mimi nikuambie ukweli wangu, maana Mbuyi anadhani nimenyimwa ruhusa. Sikunyimwa. Bwana mkubwa wa ofisi alisema naweza kwenda, ila vituo vya Salé vilivyobaki atapewa mtu mwingine na mkataba wangu utaishia hapo. Nilifikiri siku mbili. Nikachagua kubaki. Nimechagua mwenyewe, Mama, na imeniuma, lakini naipenda kazi hii. Kuna bibi mmoja karibu na lango la Salé, miguu yake imevimba, mjukuu wake alimwonyesha picha ya kituo chetu kwenye simu. Siku iliyofuata alitoka nyumbani peke yake, akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi lenye kivuli, akakaa kama aliyelinunua. Alinishika mkono akaniombea dua ndefu kwa Kiarabu. Sikuelewa neno, nikaitikia amina zote. Nilifurahi siku nzima. Nataka kuimaliza kazi hii hadi kituo cha mwisho, kisha nitakuja nyumbani kwa miguu yangu, kabla mvua hazijaanza, bila kuvutwa.

Usimfanye Mbuyi alipie uamuzi wangu. Watu wa Ilunga wametoka Likasi mara tatu. Wamewaletea mapasa wako zawadi sawasawa, kama desturi ya mapacha inavyotaka, hata sehemu yangu nisiyekuwapo, na hawakunung'unika. Ukiwarudisha mara ya nne wataondoka na mtoto wao, na Mbuyi hatanisamehe mimi wala wewe.

Sasa sikiliza nilichofanya. Unakumbuka kile kitenge cha yadi sita alicholeta Ilunga, cha bluu chenye ndege? Ulikikata wewe mwenyewe katikati, kwa mkasi wako, bila kujali unakata wapi, nusu ukampa Mbuyi na nusu ikanifikia hapa. Mkasi ulipita kwenye safu ya ndege. Mimi nina vichwa, Mbuyi ana mikia. Siku nilipokifungua nilikasirika, nikasema Mama ameniharibia. Leo nakushukuru.

Jana saa tatu asubuhi nilijitanda nusu yangu, ule ukingo uliokatwa ukiwa umeshuka wima upande wangu wa kuume. Nikasimama mbele ya ukuta mweupe karibu na kituo, jua likiwa upande wangu wa kushoto. Samira akapiga. Nimesimama pembeni, sikusimama katikati. Upande wangu wa kuume nimeacha nafasi ya mtu mmoja, kwa sababu ndipo Mbuyi anaposimama siku zote. Watu waliokuwa wanangoja tramu walituuliza tunamngoja nani. Samira akawajibu kwamba dada yangu anakuja.

Jumamosi, mpiga picha wenu amsimamishe Mbuyi mbele ya ukuta mweupe wa parokia, saa tatu, kabla ya misa, jua upande wake wa kushoto. Ilunga akae kuume kwake. Kushoto kwake pasiwe na mtu yeyote, hata shangazi, na najua shangazi atajaribu. Kamera iwe usawa wa kifua, hatua sita kutoka kwake. Na mwambie fundi wa nguo, tafadhali, asiupinde ukingo ule uliokatwa wala asiweke uzi wa mapambo. Auache ulivyo, ushuke wima upande wa kushoto wa Mbuyi. Picha ikitumwa, nitaishona jioni ileile. Mshono wangu hautapita usoni wala mkononi, utapita kwenye kitenge tu, pale mkasi wako ulipopita. Hakuna mmoja wetu atakayekuwa amepigwa peke yake. Kila picha itakuwa imebeba kipande cha mwenzake, kama kazi yetu inavyotaka.

Nisalimie Baba, mwambie treni za hapa hazipigi honi, zinapiga kengele kama ya baiskeli, angezionea huruma. Nisalimie shangazi hata kama nimemsema. Nisalimie mama wa kwaya aliyetufundisha sauti ya pili, na Ilunga, shemeji yangu, ambaye uvumilivu wake sasa hauna haja ya kupimwa tena.

Kwa Mbuyi sina salamu. Nina ombi kwako. Ndani ya bahasha kuna karatasi ndefu, nyembamba. Juu yake nimechapa picha ya ukingo wa nusu yangu kwa ukubwa wake halisi, sikupunguza hata kidogo. Mwite Mbuyi, alete nusu yake. Lazeni kitenge mezani, uweke karatasi pembeni, uisogeze polepole kwa mkono wako mpaka ziguse. Vaa miwani. Ukiona ndege wamekuwa wazima, mwambie dada yangu ni Jumamosi.

Mtoto wako wa pili kutoka tumboni, ambaye bado amesimama mahali pake,
Kabanga