Pwani Yenye Jiko Kubwa

Baba watoto na wanao,

Wali uko kwenye friji, pasheni. Fungeni gesi mkimaliza. Haijifungi yenyewe, ingawa najua mnaamini hivyo.

Asubuhi niliwaacha mchague pwani ya likizo. Mashariki mkasema maji yakipwa yanakwenda mbali, mtachoka kuyafuata. Magharibi kuna mawimbi, na baba yenu anaogopa hata maji ya beseni. Kusini, nilikotaka mimi, mkasema hakuna la kufanya. Mkanyoosha mikono yote mitatu: kaskazini. Eti nyumba ya huko ina jiko kubwa. "Mama atafurahi," mlisema, tena kwa nyuso za watu waliotoa zawadi.

Yaani nivuke nchi nzima nikawakaangie mayai mbele ya bahari. Akili ni nywele, na humu ndani naona vipara vitatu.

Anueni nguo kabla ya mvua.

Nimekwenda kusini, chumba kisicho hata na birika. Nitarudi ~~Jumapili~~ nikichoka kukosa la kufanya.

Kaskazini msihangaike kwenda. Jiko lipo hapo nyuma yenu.

Mama, likizoni